Gunia Likijaa, Nani Aseme Limejaa?

Mama aliweka kiganja juu ya mdomo wa gunia, akasema, "Baba, limejaa."

Kijana aliyekuwa anashona hakuinua uso. Alikuwa ameshaunganisha nusu ya gunia jingine juu ya lile la kwanza. Viazi vitamu vikubwa alivisimamisha kuzunguka ukingo, vidogo akavimwaga katikati, na sasa alikuwa anavuta kamba kwa shazia, kushoto, kulia, kushoto, huku goti lake likisukuma viazi vishuke. Vilipos​huka, nafasi ikapatikana. Nafasi ilipopatikana, mwenzake akainama kwenye lundo la mama akachota vingine.

"Limejaa, baba."

Mnunuzi akasogea. Mtu mzima, mpole, kofia mkononi. "Mayu, wenzako wote wamejaza hivi. Hili ndilo gunia la hapa."

"Basi nenda kachukue la wenzangu."

Akapiga magoti, akaanza kuvitoa viazi vyake kimoja kimoja, akivipangusa udongo kwa upindo wa kanga. Kijana akakata kamba. Fuso lilikuwa limeshawashwa.

Hakuna aliyemtukana mwenzake wala aliyepandisha sauti. Mimi nilikuwa pembeni na kikapu changu, nasubiri nifungiwe mgagani, na tangu siku ile sijaacha kuliwaza gunia lile.

## Nilishangilia mapema

Gulio lenyewe liko njia ya Kigongo, ukishapita Usagara. Anayeishi Mwanza anayajua magulio ya aina hii: viazi, mihogo, kuku waliofungwa miguu, mitumba, mama wa chapati, na vumbi la kiangazi linalotua juu ya vyote. Huwa naenda kwa sababu napenda kununua kwa mtu aliyelima. Nimewahi kuwahimiza ndugu na marafiki wafanye hivyo. Nunueni kwa mkulima mwenyewe, pesa imfikie yeye.

Kwa hiyo mama alipokataa, moyoni nilishangilia. Nikaona hapa pana mtu anayejua thamani ya jasho lake.

Kabla sijafika Buhongwa shangwe ilikuwa imepoa. Fuso liliondoka na viazi vya wenzake. Wenzake walishika noti, wakanunua sabuni na chumvi, wakatafuta usafiri wa kurudi kwao. Yeye alibaki na lundo, na jua lilikuwa limeshapinda. Alianza kupanga mafungu ya shilingi 1,000 kwa ajili ya wapita njia, na wapita njia wa saa tisa alasiri si wengi.

Je, alishinda?

Swali hilo lilinisumbua kwa wiki kadhaa. Nikipika, lipo. Nikipita gengeni mtaani na kuona viazi vimepangwa kwenye sahani ya plastiki, lipo. Maana kama alishinda, mbona walioondoka na pesa ni wale waliokubali? Na kama alishindwa, mbona ndiye pekee niliyetaka kumfahamu?

## Hesabu za mnunuzi

Nilimpata yule mnunuzi kwa urahisi, kwa kuwa hayupo gulioni kwa kujificha. Anakuja kila gulio na kila mtu anamjua. Nilijiandaa kukutana na mlanguzi. Nilikutana na baba wa familia mwenye daftari.

"Dada, wewe unaona gunia," aliniambia. "Mimi naona kila mahali gunia linapolipiwa."

Akafungua daftari. Kuli wa kupakia analipwa kwa gunia. Nauli ya Fuso ni kwa gunia. Getini anahesabiwa magunia. Kuli wa kushusha, kwa gunia. Mahali pa kulaza mzigo usiku, kwa gunia. Akija na viazi vilevile kwenye magunia madogo, analipa zaidi katika kila kituo, halafu anashindana sokoni na mwenye magunia makubwa. Akina mama wa magengeni wanaonunua kwake nao wanalitaka gunia lenye kichwa, kwa sababu faida yao imo kwenye kile kichwa.

Sikuwa nimewahi kulitazama jambo hili hivyo. Tunasema lumbesa, yaani gunia lenye kichwa, ni tamaa ya wanunuzi, na tamaa ipo. Lakini njia nzima, kuanzia shambani hadi gengeni, imejengwa kwa kuhesabu magunia badala ya kilo, na mradi kinachohesabiwa ni gunia, kila mwenye akili atalinenepesha.

Sheria iko wazi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka mazao yauzwe kwa uzito na gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, na kila mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kubandikwa stika. Mnunuzi wangu anayajua hayo yote. Aliniambia kwamba msako ukija, magunia yanashonwa madogo kwa majuma machache, kisha kidogo kidogo kichwa kinaota tena. Alilisema kwa uchovu. Nadhani naye angependa kuona siku ambayo hahitaji kijana wa shazia.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo yule mama hakulijua, na wengi gulioni hawalijui. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 2, na mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru huo. Yaani mama wa Misungwi anayepeleka magunia yake mawili au matatu Jijini hadaiwi ushuru wa mazao njiani. Nilipomwambia mmoja wa wauzaji, aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na nikifika huko mjini, nitamuuzia nani kabla ya giza?"

## Debe lina tumbo

Nilipoanza kutazama vipimo, nilijikuta siwezi tena kutazama kitu kingine.

Chukua debe. Debe la lita 20 lililotoka dukani lina pande nne zilizonyooka. Debe la kununulia mahindi shambani mara nyingi halina pande hizo. Limegongwa kwa ndani taratibu, upande mmoja hadi mwingine, mpaka limetokeza tumbo. Ukiliweka chini haliyumbi, ukilitazama kwa haraka huoni kitu, lakini pitisha kiganja ubavuni utaisikia ile duara. Kopo la sado la kuuzia mjini linakwenda kinyume chake: kitako kimebonyezwa kuingia ndani, vidole viwili, vitatu. Mahindi yaleyale yananunuliwa kwa chombo kilichopanuliwa na kuuzwa kwa chombo kilichofinywa, na anayelima anaumia mwanzo wa njia, anayekula anaumia mwisho wake.

Nikasema basi, dawa ni mizani. Kila mtu apime kwa kilo, yaishe.

Halafu nikafika kwenye fungu, nikasita.

Mama wa Igogo mwenye shilingi 500 ya mboga na shilingi 500 ya nyanya hanunui kilo. Ananunua fungu. Analiona lote kwa macho yake, anaweza kulizunguka, kubadilisha nyanya iliyobonyea, na kuomba nyongeza. Muuzaji naye analijua fungu lake, anajua lini aongeze moja na lini akatae. Hakuna kinachofichwa. Ukimletea mama huyu mizani ya saa, ile yenye mshale, utakuwa umemwongezea mtu wa tatu ambaye hakumwomba, na pengine umemnyima ile nyanya moja ya juu.

Fungu si kipimo halali kwa maana ya sheria, lakini nimeshindwa kulichukia. Lumbesa pia si halali, na naichukia. Nilihitaji kujua tofauti yake ni nini, kwa kuwa zote mbili ni kukadiria kwa jicho.

## Babu kwenye mizani ya pamba

Babu yangu alilima pamba. Kabla ya msimu wa kuuza alikuwa na mazoea ambayo sisi wajukuu tulisimuliwa: anapita kwanza zahanati, anaomba apimwe uzito. Akifika kituo cha kununulia pamba, kabla hajashusha mzigo wake, anapanda yeye mwenyewe kwenye mizani ya mnunuzi. Kama namba mbili hazifanani, anamwambia karani, kwa heshima zote, kwamba mizani hii imechoka, anaomba irekebishwe.

Ilikuwa tabia ya kizazi chake, na ilikuwa na historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamba ya Usukumani ilinunuliwa na wafanyabiashara na wenye majineri, yaani viwanda vya kuchambulia pamba, wengi wao wa asili ya Kiasia, na malalamiko makubwa ya wakulima yalikuwa mizani. Wakulima wakachanga, wakawaweka wapimaji wao wasimame pembeni ya mizani ya mnunuzi na kusoma uzito upya. Kutokana na vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani na wenzake, vyama vya msingi vya ushirika vilienea kote Kanda ya Ziwa, na 1955 vikaunganishwa kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha wa nchi huru. Ushirika ule ulikua ukamiliki majineri, ukahesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Na ulianza na watu kusimama karibu na mizani wakikataa kudanganywa.

Nilipokuwa mdogo niliisikia habari hii hadi hapo tu.

Kuna kipande cha pili. Mizani ilipohamia kwenye mikono ya ushirika, haikuchukua muda mrefu kabla wanachama hawajaanza kulalamika kuhusu makarani wao wenyewe. 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni wizi na uongozi mbovu. 1976 vyama vikavunjwa, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Babu aliuza pamba katika vipindi vyote hivyo, na hakuacha kupita zahanati kwanza.

Hapo ndipo niliposhuku wazo langu la mizani kwa mara ya pili. Chuma hakina upande, lakini aliyesimama nyuma yake anao. Ukiweka mizani gulioni na ikashikwa na mnunuzi peke yake, umempa mnunuzi lumbesa yenye namba.

## Michembe

Nilirudi gulioni kumtafuta mama.

Nilimkuta palepale, chini ya kibanda kilekile, safari hii hana viazi. Ana beseni la michembe.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa."

Nilimuuliza viazi vya siku ile viliishia wapi. Aliuza mafungu mpaka jua likazama, akapata pesa ya chumvi na ya mafuta ya taa. Vilivyobaki alivirudisha nyumbani kwa baiskeli ya mjukuu. Kesho yake walikaa watu watatu, wakamenya, wakakata vipande vyembamba, wakavianika juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Kiangazi hiki jua ni la kutosha. Siku chache tu, michembe ikawa inalia ukiitikisa.

"Sasa hii," akatia mkono beseni na kuiachia idondoke, "hainiharakishi."

Nilitazama alichokuwa anakidondosha. Vipande vyeupe vyenye kingo za kahawia, vingine vimejikunja, kila kimoja na alama ya kisu upande mmoja. Vitachemshwa asubuhi, au vitasagwa unga, au vitakaa kwenye kihenge mpaka Januari chakula kikianza kuadimika. Mnunuzi akija na bei mbaya, anaambiwa arudi mwezi ujao.

Pembeni yake alikuwepo mama mwingine, kijana, ana matenga mawili ya nyanya. Yule hakumwambia mtu yeyote kwamba tenga limejaa. Nyanya zake zilikuwa zimeshaiva, nyingine zilikuwa zinatoa maji chini ya tenga. Mnunuzi alipanga juu ya tenga safu nzima iliyopita ukingo, na yeye akamsaidia kupanga.

Nilisimama hapo muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

Nilikuwa nimetafuta jibu kwenye chombo: gunia, debe, sado, mizani. Yule mama alikataa kwa sababu nyumbani kwake kuna mwamba wa kuanikia na mikono ya kukatia. Mwenye nyanya hakuwa na pa kurudi nazo. Mpini ulikuwa kwa aliyeweza kungoja, na kipimo kilimfuata yeye. Fungu halinikeri kwa sababu muuzaji na mnunuzi wa fungu wote wanaweza kuondoka: mmoja atapata mteja mwingine dakika mbili baadaye, mwenzake atakwenda meza ya pili. Kwenye lumbesa mmoja ana Fuso linalonguruma na mwingine ana mzigo unaooza.

Ukishaliona hili, unaliona ziwani pia. Dagaa wabichi ufukweni wananunuliwa haraka haraka alfajiri kwa bei ya anayekuja na ndoo, maana jua likishapanda na hawajatandazwa wanaharibika. Dagaa wale wale wakikauka vizuri wanasafiri hadi soko la Mwaloni Kirumba, na pale mnunuzi wa kutoka Kongo anakaa na muuzaji kujadiliana bei kama watu wawili wenye siku nzima. Mvua za masika zikiwanyeshea wakiwa mchangani, nguvu hiyo inapotea kwa usiku mmoja. Aliye na chanja anaweza kuwainua na kuwafunika. Aliyeanika chini hawezi. Na mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wakapumzika, aliye na magunia makavu stoo ndiye anayetaja bei.

Ndiyo maana pia dengu na choroko, ambazo miaka ya karibuni zimeingizwa kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa stakabadhi, yanauzwa baadaye) huku Kanda ya Ziwa, zinaweza kuuzwa kwa kilo na kwa mnada. Zina ubishi wake, na wakulima wengine hawapendi kusubiri malipo. Lakini ni mazao makavu, yanakaa ghalani. Hakuna aliyewahi kuweka nyanya za masika kwenye stakabadhi.

Sidhani kama tumelipa hili uzito wake. Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, iko Misungwi hiyohiyo, na kwa miaka mingi watafiti wake wamehangaika na mbegu bora za pamba, mihogo na viazi, vikiwemo viazi lishe vyenye rangi ya chungwa. Mbegu bora humzidishia mama lundo. Lundo likizidi na hana pa kulihifadhi, amezidishiwa haraka ya kuuza.

## Daraja limefunguliwa, gunia halijapungua

Nilimrudia mnunuzi na wazo langu jipya. Akacheka vizuri, akasema na yeye kuna kitu anakingoja.

Zamani kuvuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kulikuwa kwa kivuko. Aliponunua Sengerema, gari lilipanga foleni Busisi, na ndani ya foleni ile mananasi na nyanya zilikuwa zinapungua thamani kila saa. Ile hasara ya kungoja aliiweka kwenye gunia: analishindilia kidogo zaidi ili kufidia yatakayooza. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, na safari iliyokuwa inakula saa nzima au zaidi sasa inakwisha dakika chache. Hakuna foleni. (Wale akina mama waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga na mayai ya kuchemsha kwa wanaosubiri kivuko, hao nawaandikia siku nyingine. Wanastahili makala yao.)

"Sasa gunia limepungua?" nikamuuliza.

Akatazama chini. "Halijapungua, dada."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyeniambia nilipunguze."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Kungoja kwake kumeondolewa na barabara ya umma, lakini faida ya kuondolewa kwake haikushuka hadi kwa mwenye viazi, kwa sababu mwenye viazi bado anaogopa jua la kesho. Ukimpunguzia haraka mnunuzi peke yake, umemwongezea nguvu mnunuzi peke yake.

## Mshale uligonga mwisho

Mwenye mashine ya kukoboa aliye jirani na gulio ana mizani ya saa ya kuning'iniza. Tulimwomba. Mama, mnunuzi, mimi, na vijana wawili wa kunyanyua, maana mnunuzi naye alitaka kujua. Hajawahi kupima. Amenunua viazi miaka yote hiyo kwa gunia, akauza kwa gunia.

Tulifunga kamba kwenye boriti, tukatundika gunia moja lenye kichwa, la viazi vya mkulima mwingine aliyekubali. Mshale ulizunguka, ukapita 60, ukapita 90, ukagonga 100 ambapo namba zinaishia, ukabaki umeegemea pale ukitetemeka. Mizani haikuwa na namba ya kutuambia.

Ikabidi likatwe kamba, limwagwe, lipimwe mara mbili. Mwenye mashine akaandika kwa chaki ukutani. 81. Chini yake, 57. Jumla 138.

Gunia lile lilinunuliwa shilingi 40,000. Kama lingekuwa na kilo 100, kilo moja ingekuwa shilingi 400. Kwa kilo 138 ni shilingi 290. Kisha mama akaleta fungu lake la viazi la shilingi 1,000, la aina anayouza kwa wapita njia, tukalipima: kilo 2 na kitu kidogo. Shilingi karibu 500 kwa kilo.

Mama alisoma zile namba ukutani kwa muda. Mnunuzi akatoa daftari lake, akaanza kuandika, akasimama, akaandika tena. Hakujitetea. Alisema, "Ningekuwa nalipia getini kwa kilo, mimi leo leo naacha."

Nimeona nimwamini. Mashine ya kukusanyia mapato iliyopo mkononi mwa mtoza ushuru inaweza kuandika kilo kama inavyoandika magunia, na kinachokosekana pale getini ni mizani ya kusimamisha mzigo. Na kama nilivyojifunza kwa babu, isimame mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wote wanaiona, na mtu yeyote aruhusiwe kupanda juu yake kwanza.

Lakini sitaki tena kusema mizani peke yake. Mama wa nyanya ataletewa mizani nzuri yenye stika na bado atauza kwa bei ya kuogopa. Anachohitaji ni kibanda chenye kivuli na hewa ambapo matenga yanaweza kulala usiku mmoja bila kupikwa na jua, na wenzake watatu au wanne wa kukodi naye gari moja hadi mjini, ambako kwa mzigo usiozidi tani hakuna atakayemdai ushuru wa mazao njiani. Akina mama wa gulio wameshaanza kuzungumzia kuchanga. Yule mama wa michembe ndiye anayewakusanya, na amekataa kuwa mweka hazina. Anasema anataka kuwa yule anayesoma mshale.

Wanagombana kuhusu kitu kimoja: wanunue kwanza mizani au wajenge kwanza kibanda. Wenye viazi wanataka mizani. Wenye nyanya wanataka kibanda. Mwenyekiti wa gulio ameipokea barua yao ya kuomba ushuru wa getini utozwe kwa kilo, akasema itaingia kikao kijacho, na akataka kujua nani atalipia stika.